Fundi wa kwato asipokuja, anayelipa ni farasi

Siku ile nilikuwa nimemfunga farasi wangu Tausi kivulini toka saa mbili asubuhi. Nimempiga brashi, nimemfuta miguu mpaka ikakauka, nimefagia pale anaposimamia pakawa pasafi kabisa, maana fundi alishanitumia meseji usiku kwamba saa mbili na nusu atakuwa ameshafika. Saa tatu nikapiga simu akapokea, "niko njiani dada". Saa nne nikapiga, inaita tu. Saa sita nikatuma meseji, nikaona tiki mbili za bluu, kasoma, kimya. Saa nane nikamfungua Tausi nikamrudisha malishoni, nikakaa juu ya ndoo nikawa namwangalia anavyoondoka, na hapo ndo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: mguu wa mbele wa kushoto alikuwa anautua kwa ncha kwanza, sio kwa kisigino.

Ilikuwa wiki ya 11 tangu fundi amkate kwato na kumfunga viatu vya chuma. Na daktari wa mifugo alishaniambia zamani kwamba huyu farasi asizidishe wiki 6.

Wenye farasi tukikutana hatumalizi dakika kumi bila kuwalalamikia mafundi wa kwato, na mara nyingi tunalalamikia muda wetu, yaani nimeomba ruhusa kazini, nimekaa siku nzima, simu haipokelewi, hata kusema samahani hamna. Inauma kweli, sikatai. Ila mimi baada ya yaliyonipata nimeona muda wetu ndo hasara ndogo. Muda unaopotea hasa ni wa ukwato, na huo fundi hawezi kuurudisha kwa kuja wiki ijayo na kufanya kazi nzuri.

Ukwato unakua usiku na mchana kama kucha, hauna habari kwamba gari la fundi limeharibika. Kwa mwezi unashuka kama milimita 6 mpaka 10, na ukianzia kule juu nywele zinapoishia mpaka ncha ya mbele inapogusa ardhi ni safari ya miezi 9 mpaka 12. Ile ratiba ya wiki 4 mpaka 8 ambayo kila mtu anaitaja (inategemea farasi mwenyewe na msimu) imetokana na hizo milimita, mafundi hawakuitunga wapate hela. Sasa piga hesabu, wiki 11 ni milimita 15 mpaka 25 za ziada kwenye mguu wa mnyama wa kilo 500 ambaye zaidi ya nusu ya uzito wake, kama asilimia 60 hivi, iko kwenye miguu ya mbele.

Farasi anayetembea peku angalau akipita kwenye ardhi ngumu anajisaga, kingo zinamomonyoka zenyewe, sio vizuri lakini kuna kitu kinapungua. Aliyefungwa chuma hana hiyo nafasi kabisa na watu wengi hili hawalifikirii, wanaona ana viatu basi yuko salama. Chuma kiko kati ya ukwato na ardhi kwahiyo ukuta, yaani lile ganda gumu la nje la ukwato, unarefuka tu, na kwa kuwa unakua kwenda chini na mbele kwa pamoja, unakivuta kiatu nacho kwenda mbele. Visigino kila hatua vinatanuka na kurudi, vinajisugua juu ya chuma, vinaisha kidogo kidogo, wakati kule mbele palipopigiliwa misumari hapasagiki kitu. Matokeo yake ncha ndefu, kisigino kimelala. Kiatu ambacho siku ya kwanza kilikuwa kinashikilia kisigino vizuri sasa kimesogea, kisigino kinaning'inia nyuma yake au kinakandamizwa nacho.

Na ndani huko kuna kano nene inashuka nyuma ya mguu, inapita chini ya kamfupa kadogo kanaitwa navikula, inaenda kujishika kwenye mfupa ulio ndani ya ukwato. Ncha ikirefuka, farasi kila anapotaka kunyanyua mguu lazima aubiringishe juu ya ile ncha ndefu, anachelewa, na hiyo kano inavutwa na kukandamiza kale kamfupa. Hatua moja sio kitu. Lakini farasi malishoni anatembea kutwa nzima, zidisha hiyo hatua kwa siku moja tu, halafu zidisha kwa zile wiki 5 za kusubiri mtu aliyesema yuko njiani. Kutua kwa ncha kwanza niliyoiona siku ile maana yake ilikuwa kisigino kinamuuma, anakikwepa. Alikuwa hachechemei bado. Anavumilia tu, si unajua farasi walivyo, wanaficha maumivu mpaka yawazidi.

Niseme ukweli kuhusu huyu fundi wa kwanza. Mikono yake sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa anakaa kimya dakika mbili tatu anamwangalia Tausi kasimama, halafu anasema mtembeze, namtembeza, anasema mrudishe, ndo anashika kisu. Akichonga ukwato huoni anarudia pale pale mara mbili. Alikuwa anakifua kiatu kwenye fuawe mpaka kikae kwenye ukwato kama kimezaliwa nao, sio kuukata ukwato ufuate kiatu. Tausi ambaye kwa watu wengine alikuwa anavuta mguu, kwake alikuwa anasinzia. Ndo maana nilimng'ang'ania miaka miwili. Kila nikitaka kuachana naye nakumbuka ile kazi, najiambia wacha nimvumilie, mafundi wazuri ni wachache, nikimkera hatakuja kabisa nitabaki bila mtu.

Hiyo hofu ndo inatufunga wengi wetu. Unakuwa unaongea kwa kubembeleza na mtu unayemlipa. Unaogopa hata kuuliza "kwanini hukuja jana". Mara ya mwisho kabla ya ile wiki ya 11 nilijikaza nikamwambia fundi hii ni wiki ya 9 sasa, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada usijali, huyu kwato zake nzuri, zinavumilia." Na mimi nikatulia, nikafurahi hata, kwamba farasi wangu ana kwato nzuri. Leo nikikumbuka hilo neno zinavumilia linanichoma. Kwato nzuri zinachelewa tu kuonyesha, na siku zikionyesha madhara yana miezi ndani yake.

Siku tatu baada ya ile asubuhi ya kusubiri, nikamkuta Tausi asubuhi kasimama kona ya banda na mguu wa kushoto mbele hataki kuukanyagia. Kiatu kilikuwa kimefunguka nusu. Zile ncha za misumari zinazokunjwa pembeni ya ukuta zilikuwa zimeshanyanyuka muda mrefu, ukipitisha kiganja zinakukwaruza, nilizigusa wiki nzima nikasema fundi akija atazirekebisha. Usiku inaelekea alijikanyaga na mguu wa nyuma, kiatu kikazunguka, akakanyaga misumari, na alivyokuwa anajinasua kikaondoka na kipande cha ukuta upande wa nje, kipande cha upana wa vidole viwili. Palipobaki palianza ufa unaopanda juu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema kila siku. Mimi ndo nilikuwa naujenga huo ukuta, milimita kwa milimita, na kuna mwezi mzima nilikuwa siwezi kulala vizuri.

Na sikuwa najua kukitoa kile kiatu. Hili nataka kila mwenye farasi alisikie vizuri. Nilisimama pale na mnyama anatetemeka, chuma kinaning'inia na msumari unaelekea nyayo yake, sina koleo, sijui pa kuanzia, nampigia mtu ambaye hapokei. Daktari ndo alikuja akakitoa, ilimchukua dakika chache tu. Baadaye nikamwomba anifundishe na sio kazi ya ajabu: unazinyoosha kwanza zile ncha zilizokunjwa kwa patasi butu na nyundo ili misumari isichane ukuta ikitoka, halafu unaingiza koleo kwenye kisigino upande mmoja, unakandamiza kuelekea katikati ya ukwato, usipindue kwenda nje kamwe, unahamia upande wa pili, hivyo hivyo mpaka ufike ncha. Nilifanya mazoezi kwenye miguu ambayo haina shida fundi akiwepo anasimamia. Siku hizi koleo na patasi vinaning'inia bandani kwangu pembeni ya sanduku la huduma ya kwanza, na huwezi kuamini jinsi hiyo tu ilivyonipunguzia ile hofu ya kumbembeleza mtu.

Nikatafuta fundi wa pili. Huyu sasa saa. Akisema saa tatu, saa tatu kasoro tano unasikia gari. Nilifurahi mno, nikawapigia watu simu kuwaambia nimepata mtu. Alikuwa na haraka lakini, anaongea na simu mkono mmoja umeshika mguu, hamwangalii farasi akitembea hata siku moja, anatoka na viatu vyenye saizi inayokaribia, akiona ukwato unazidi anausaga kwa tupa mbele mpaka ulingane na chuma. Mi nikajiambia ndo bei ya mtu anayekuja kwa wakati.

Mara yake ya pili, siku mbili baada ya kuondoka Tausi akaanza kuchechemea mguu wa kulia. Ukuta una joto, na ukiweka vidole nyuma ya kifundo mapigo ya damu yanagonga kama mtu kakimbia. Daktari akagonga msumari mmoja mmoja taratibu, alipofika wa tatu upande wa ndani Tausi karibu aangushe watu wote. Chini ya ukwato kuna mstari wa rangi hafifu unaotenga ukuta mgumu na sehemu iliyo hai, msumari unatakiwa uingie nje ya huo mstari, upite kwenye ukuta usiosikia maumivu na kutokea pembeni. Ncha ya msumari wa farasi imechongwa upande mmoja makusudi ili iukunje msumari kuelekea nje. Huu ulikuwa umepita karibu mno, haukuchoma moja kwa moja lakini ulikuwa unabana sehemu hai kila anapokanyaga, ndo maana hakuonyesha siku ile ile. Ukatolewa, tundu likasafishwa, tukafunga dawa ya kuvuta usaha, na swali la kwanza kabisa la daktari likawa chanjo ya pepopunda ni ya lini, maana farasi ni katika wanyama wanaoshambuliwa vibaya sana na pepopunda.

Fundi yeyote anaweza kukosea msumari, hata aliye bora, ukuta wa farasi wengine ni mwembamba. Kwa hilo sikumlaumu sana. Nilimpigia kumwambia tu ili aje aone, akanijibu kwamba alivyoondoka farasi alikuwa mzima, hivyo itakuwa nimemtembeza vibaya. Hapo ndo tulipoachana. Kumbe mtu anaweza kuja kwa wakati kila mara na bado usiweze kumtegemea. Nilikuwa nadhani kutegemewa ni kufika tu. Ni kufika, na kuangalia, na kupokea simu siku mambo yakiharibika.

Kwenye eksirei ambayo daktari alipiga kwa ubavu wakati wa lile sakata la msumari ndo tuliona picha kamili. Mfupa ndani ya ukwato wa kushoto, ambao upande wake wa chini ulitakiwa uwe umeinuka kidogo nyuma, ulikuwa karibu umelala sambamba na ardhi. Visigino vimeporomoka. Daktari hakunilaumu, alisema tu hii haikutokea mwezi mmoja, na haitarudi kwa mwezi mmoja.

Watu wananiuliza kwani hakuna mahali pa kumshtaki fundi wa namna hii. Inategemea uko wapi duniani. Uingereza kuna sheria toka mwaka 1975, huruhusiwi kumfunga farasi viatu kama hujasajiliwa, na vijana wanajifunza chini ya fundi mwenye sifa kwa miaka kadhaa kabla ya kuachiwa peke yao. Marekani kwa upande mwingine hakuna leseni ya kitaifa, mitihani ipo lakini ni kwa hiari ya fundi mwenyewe, mtu yeyote anaweza kununua nyundo leo na kesho akaanza. Usajili ni kitu kizuri na natamani ungekuwepo kila mahali, unapunguza wanaoharibu kwa kutojua. Ila hata cheti hakimlazimishi mtu apokee simu. Hilo unalijua kwa kuwauliza wengine ambao wameshakaa naye mwaka mzima, na usiwaulize "ni mzuri?", waulize "mara ya mwisho alipochelewa alikwambia mapema?" Hilo swali limenisaidia kuliko yote.

Na sasa upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa sijatenda haki. Yule fundi wa kwanza nilienda kuongea naye uso kwa uso. Sikutaka kumalizana naye kwa kukaa kimya kama yeye alivyonifanyia. Nikamwambia fundi, nakushukuru sana kwa kazi yako, hakuna mtu amewahi kumshika Tausi vizuri kama wewe, lakini huyu anahitaji mtu wa kila wiki 6 na naona nafasi hiyo huna. Nilitegemea atakasirika. Alikaa kimya halafu akasema, "Dada, mimi siwezi kumkatalia mtu. Wakinipigia wote naitikia ndiyo. Halafu asubuhi naamka sijui nianzie wapi, na mgongo huu." Akanionyesha mkono ambao ulivunjwa na farasi mmoja ambaye mwenye naye alisema ni mpole. Alikuwa amefanya kazi wiki tatu na ule mkono bila kumwambia mtu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo mengi. Hii kazi ni ya kuinama kutwa nzima chini ya mnyama mzito anayekuegemea, kuna mateke, kuna kung'atwa mgongoni, tupa inakula vidole, na wengi wanajitegemea, akiumwa hakuna anayemlipa. Halafu anafika mahali anakuta farasi hajakamatwa yuko malishoni, miguu imejaa tope mpaka magotini, hakuna mtu wa kumshika, sakafu imeinama, giza, na mwenye naye anasema nitakulipa mwisho wa mwezi. Nafasi ya farasi wawili inaisha kwa mmoja, na yule wa jioni ndo anaambiwa niko njiani. Pengine jioni ile nilikuwa mimi. Pengine siku nyingine mimi ndo nilisababisha mwingine asifikiwe, maana kuna kipindi Tausi alikuwa anavuta miguu ya nyuma na mi sikuwa namfundisha, nasema ni kazi ya fundi. Sio kazi yake. Kumzoesha farasi kutoa mguu, kuushikilia dakika kadhaa bila kuegemea, kuuweka mbele juu ya kigoda, hizo ni kazi zangu za kila siku na nilizianza kwa kuchelewa.

Ila bado nasema, na hili sitalibadilisha: kutojua kukataa kunamuumiza farasi sawasawa na uvivu. Meseji ya sekunde kumi, "leo siwezi, nitakuja alhamisi", ingeniokolea mengi. Asiyeweza kuja anaweza kusema.

Fundi wa tatu nilimpata kupitia daktari. Ni mzee kidogo, mpole, na siku ya kwanza kabla hajashusha vifaa aliniuliza, "Binti, mara ya mwisho alikatwa lini, na una picha?" Nilikuwa nazo, maana nilishaanza kupiga. Picha ya ubavu simu ikiwa chini kabisa usawa wa ukwato, sio kutoka juu umesimama kwa sababu hiyo inadanganya pembe yote, ya mbele, na ya nyayo mguu ukiwa umenyanyuliwa. Kila baada ya kukatwa na kila kabla ya kukatwa. Kwenye daftari naandika tarehe, na urefu wa ukuta wa mbele kwa tepu kuanzia kwenye nywele mpaka chini. Alivyoona hilo daftari alikaa chini akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilitokwa na machozi nikajifanya naenda kuchota maji.

Alivitoa viatu vyote. Akairudisha ncha nyuma kidogo tu, akasema leo tunachukua kiasi hiki, tukichukua zaidi tutamuumiza, tutakutana baada ya wiki 4. Pale kwenye ufa alipunguza ukuta chini yake usiguse ardhi, ili uzito usiendelee kuufungua. Na kabla hajafunga sanduku la vifaa alitoa kalenda akasema tupange tarehe, siondoki bila tarehe. Mara mbili mwaka ule ameshindwa kuja. Mara zote mbili alipiga simu siku moja kabla, na mara moja alimtuma mwenzake ambaye alikuwa ameshamweleza habari zote za Tausi. Mimi kwa upande wangu anakuta miguu mikavu, kivuli, mwanga, mtu wa kushika kamba, na hela yake siku ile ile, hata kama mwezi umenibana. Tausi kuna siku alikuwa hatulii, yule mzee akaweka mguu chini akasema "mtembeze apumzike, hatugombani naye", na mimi nikajua huyu ndo mtu.

Watu wananiambia wewe ulibahatika. Sawa, bahati ipo. Lakini pia niliacha kungoja. Nina namba ya mtu wa akiba ambaye mara moja kwa mwaka namwita hata bila shida ili Tausi amzoee naye asinisahau. Na kikomo changu nakijua: mtu akikosa kuja mara ya pili bila taarifa namtafuta mwingine siku ile ile, kabla hasira haijaisha na kabla sijaanza kumwonea huruma, manake huruma ndo ilinipeleka wiki ya 11.

Ukuta mpya ulianza kuonekana baada ya miezi miwili hivi. Kule juu karibu na nywele ulitoka ukiwa umesimama zaidi kuliko ule wa zamani, na pale vilipokutana palikuwa na mstari unaozunguka ukwato mzima, unaweza kuusikia kwa kidole. Juu ya mstari miezi ya huyu mzee, chini yake ile miezi ya kusubiri. Kila tukikutana tulikuwa tunaupima umeshuka kiasi gani. Ufa nao ulikuwa unashuka nao, haupandi tena. Tausi akaanza kutua kisigino kwanza mwezi wa tano, kwanza kwenye ardhi laini, halafu hata kwenye kokoto.

Mwezi wa kumi ule mstari ulifika chini. Mzee aliushika mguu wa kushoto akauweka juu ya goti lake, akakata kwa koleo kuzunguka, kipande cha mwisho chenye kovu la ufa kikaanguka sakafuni. Akakiokota akanipa mkononi bila kusema kitu, akapitisha tupa, akauweka mguu chini. Halafu akatoa kalenda, na mi nikatoa daftari.